Kaseti Zilizoandikwa Tarehe Tupu

Nilipokwenda kusoma Ohio nilipata chumba katika nyumba iliyopangwa na wanafunzi wanne, na mmoja wao alikuwa na masanduku matatu ya kaseti chini ya kitanda chake. Hakuna hata moja iliyoandikwa jina la wimbo ubavuni. Zote zilikuwa na tarehe, mji na ukumbi, kwa wino mweusi na mwandiko mdogo wa mtu mwenye subira, hata kwa wiki nzima niliamini kuwa ni mahubiri ya kanisa fulani. Jumamosi moja nilimwomba anipigie yoyote anayoipenda, naye akaniuliza kama nina nafasi ya saa tatu. Nilicheka nikidhani anatania, kumbe lilikuwa swali la kawaida kabisa. Kaseti mbili alizozichomoa zilikuwa za onyesho zima la Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, na kwake yeye kusikiliza nusu ya onyesho kulikuwa sawa na kuisoma barua hadi katikati na kuirudisha kwenye bahasha.

Swali nililoanza nalo siku hiyo sijaliacha hadi leo: ni kitu gani hasa kinachoifanya bendi ya roki ihesabiwe kuwa bendi ya jamu? Neno lenyewe halimsaidii Mswahili. Jamu kwetu ni ile ya kupaka kwenye mkate, na ukilitamka mjini Nairobi watu watakuelewa kuwa unalalamikia magari yaliyokwama barabarani. Wanamuziki wa jazi wa Marekani ndio waliolitumia, miaka mingi kabla ya roki kuzaliwa, kwa vikao vya usiku wa manane ambapo wapigaji waliokwisha kumaliza kazi zao za kulipwa walikutana na kupiga bila karatasi, kila mmoja akimpima mwenzake. Roki ililirithi kutoka huko. Jina la bendi za jamu, kama kundi linalotambulika, lilienea katika miaka ya 1990 tu, na kwa hiyo Grateful Dead, bendi iliyo mama wa kundi zima, iliishi karibu maisha yake yote bila kuitwa hivyo. Nadhani sehemu kubwa ya ubishi inatoka hapo, kwa sababu vazi lilishonwa baada ya mvaaji kuzeeka, na kila anayejaribu kulivaa sasa hupimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa ni urefu: nyimbo ndefu, basi ni jamu. Jibu hilo lina chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1968 Grateful Dead walitoa wimbo wa "Dark Star" katika sahani ndogo, na haukufika dakika tatu. Mwaka uliofuata wimbo huohuo ulikuwa na dakika 23 katika albamu ya Live/Dead, iliyorekodiwa mbele ya watazamaji. Mashairi hayakuongezeka. Beti ni zilezile chache, zimetengana sana, na kati ya ubeti na ubeti wapigaji wanaondoka kabisa, wanakwenda mahali ambapo msikilizaji anasahau kuwa kulikuwa na wimbo, kisha mtu mmoja anadokeza noti chache za mwanzo na wote wanarudi kana kwamba walikuwa wameagana wakutane hapo. Hata hivyo, urefu ni matokeo tu ya safari hiyo, kama vile vumbi la viatu ni matokeo ya kutembea, na wapo wengi wenye vumbi ambao hawakwenda popote.

Hapo ndipo mimi na mwenzangu wa kaseti tulipogombana mara ya kwanza, kwa kuwa nilimtajia Led Zeppelin. Jukwaani bendi hiyo ya Kiingereza iliweza kuurefusha wimbo wa "Dazed and Confused" hadi zaidi ya dakika 20, Jimmy Page akilikwaruza gitaa lake kwa upinde wa fidla, na mimi sikuona kwa nini wao wanyimwe jina. Alinieleza kwa utulivu wa kuudhi kwamba dakika hizo nyingi zilikuwa za mtu mmoja, na kwamba wenzake walikuwa wakimtandikia mkeka. Nilikasirika, kisha nikaisikiliza tena kwa masikio hayo, na nikakubali kwamba kwa sehemu kubwa alikuwa na haki. Deep Purple nao hivyohivyo: ufundi mkubwa, zamu za kuonyesha ubingwa, kinanda kikimaliza gitaa linaingia. Kwa Cream alipata shida zaidi, maana "Spoonful" yao ya mwaka 1968 katika albamu ya Wheels of Fire ina zaidi ya dakika 16 na watu watatu wanatunga papo hapo kwa wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenziwe. Mimi ningewapa nafasi ya babu. Walikuwa na upigaji unaotakiwa, lakini walidumu kati ya 1966 na 1968 tu, na hawakupata muda wa kujenga yale mengine nitakayoyaeleza.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilichukua nakala ya kaseti moja na kumpelekea mjomba wangu, aliyekuwa amepiga gitaa la ridhimu kwa miaka mingi katika bendi ya hoteli moja ya Dar es Salaam. Alisikiliza dakika kumi bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Mjomba, hawa wanatafuta nini?" Nilimwambia hata mimi sijui. Akafumba macho. Baada ya muda akasema maneno mawili ambayo yamenifaa kuliko makala nyingi nilizosoma baadaye: kwamba yule wa besi hapigi besi, anajibu, na kwamba yule wa gitaa la pili anakataa kupiga ridhimu, anaweka vipande tu.

Mjomba hakuwajua watu hao hata kwa majina, lakini alikuwa ameelewa chombo kilivyoundwa. Phil Lesh, yule wa besi, alikuwa amesomea tarumbeta na utunzi wa muziki, akakaa darasani kwa mtunzi Mwitaliano Luciano Berio katika Chuo cha Mills kule Oakland, na gitaa la besi alilishika kwa mara ya kwanza alipojiunga na bendi mwaka 1965. Hakuwa na mazoea ya kukaa chini na kushikilia mapigo, hivyo alipiga besi kama mtu anayejadiliana na gitaa la solo la Jerry Garcia, akipanda na kushuka pembeni yake. Bob Weir, wa gitaa la pili, alisema mara nyingi kwamba alijifunza kwa kuusikiliza mkono wa kushoto wa McCoy Tyner, mpiga piano wa John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi, ndiyo maana akorodi zake zilikuja zimevunjikavunjika na kuacha nafasi. Nyuma yao kulikuwa na Bill Kreutzmann na, kuanzia 1967, Mickey Hart, wapiga ngoma wawili wasiopiga kitu kimoja. Ukiwa na mpangilio kama huo hakuna anayebaki kuwa mtumishi wa mwingine, na mtu yeyote anaweza kuugeuza muziki upande mwingine, mradi wenzake wawe wanamsikia. Allman Brothers Band ya Kusini mwa Marekani iliufikia mpangilio wa jinsi hiyo kwa njia yake, kwa magitaa mawili ya solo na wapiga ngoma wawili, na maonyesho waliyoyarekodi New York mwezi wa Machi 1971 yanaonyesha kwamba hata bluzi inaweza kuachwa ifunguke hivyo. "Whipping Post" yao pale ina dakika 23. Duane Allman alifariki katika ajali ya pikipiki Oktoba ya mwaka huohuo.

Mjomba aliniuliza pia kama hiyo si sebene tu. Swali ni zuri, na sikulijibu vizuri siku ile. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua kwamba wimbo wa kwenye santuri ni kivuli cha wimbo wa ukumbini, kwamba gitaa la solo likikolea bendi haitakatisha kwa sababu ya saa, na kwamba Sikinde au Msondo wakipiga hadi majogoo hakuna anayewauliza dakika. Lakini katika sebene njia inajulikana. Akorodi zinazunguka, wachezaji wanaitegemea mizunguko hiyo kwa miguu yao, na uhodari wa mpigaji ni kusema jambo jipya bila kuuvunja mduara. Bendi ya jamu huwa nayo inapita hapo, na watu wake hucheza sana, lakini inajipa ruhusa ya kuuvunja mduara wenyewe: kubadilisha ufunguo, mwendo, hata kuacha mapigo kabisa, bila mtu yeyote kujua wimbo unaofuata utakuwa upi. Mashabiki wa Phish, bendi ya jamu ya kizazi kilichofuata, wamezigawa aina hizi mbili kwa namba. Jamu ya aina ya kwanza inabaki ndani ya akorodi za wimbo, na ya pili inatoka nje ya nyumba. Ningemwambia mjomba kwamba sebene ni aina ya kwanza iliyokomaa kuliko zote ninazozijua.

Hata hivyo upigaji peke yake hautoshi, na hapa ndipo zile kaseti zenye tarehe tupu zinapoingia. Kwa bendi nyingi za roki kitu kinachotengenezwa ni wimbo, au albamu, na onyesho ni nafasi ya kukipeleka kwa watu. Kwa bendi ya jamu kitu kinachotengenezwa ni usiku. Orodha ya nyimbo hubadilika kila siku, wimbo mmoja humwagikia katika mwingine bila kusimama, na mashabiki huandika mpito huo kwa alama ya mshale kati ya majina mawili. Mtu aliyeona onyesho la Ijumaa hajaliona la Jumamosi. Grateful Dead walifanya maonyesho yapatayo 2,300 tangu 1965 hadi Garcia alipofariki Agosti 1995, na katika miaka yote hiyo wimbo wao mmoja tu, "Touch of Grey" wa mwaka 1987, ndio uliofika kwenye kumi bora za Marekani. Kwa hesabu za redio hiyo ni bendi iliyoshindwa. Kwa hesabu ya tarehe, ni ghala.

Na ghala lilihitaji watunzaji. Watazamaji walikuwa wakiingiza vinasa sauti tangu zamani, na maikrofoni zilipozidi kuwa msitu mbele ya fundi wa mitambo, bendi, badala ya kuwafukuza, iliwatengea mahali pao nyuma ya meza ya sauti mwaka 1984, ikiwauzia tiketi za sehemu hiyo. Sharti lilikuwa moja: kubadilishana ruhusa, kuuza marufuku. Kanda zilisafiri kwa posta, mtu akinakili kwa watano na watano kwa ishirini na tano, na hivyo ukatokea umma uliokuwa na masikio ya kulinganisha. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell lilipata sifa kwa njia hiyo, kutokana na kanda ya Betty Cantor-Jackson, fundi wa bendi yenyewe. Lilitolewa rasmi dukani mwaka 2017, wakati ambapo watu wangu wa kaseti walikuwa wamelijua kwa moyo kwa miongo kadhaa. Ninashikilia kwamba jambo hili ni sehemu ya tafsiri ya jina, wala si pambo lake. Mwanamuziki anayejua kwamba usiku wa leo utawekwa kando ya usiku wa jana na mtu mwenye kumbukumbu hawezi kuirudia solo ya jana. Peter Grant, meneja wa Led Zeppelin, alikuwa maarufu kwa ukali wake dhidi ya waliorekodi maonyesho, na tofauti hiyo inaniambia zaidi kuliko hesabu yoyote ya dakika.

Kuna sharti ambalo mashabiki hawapendi kulitaja, nalo ni kwamba bendi ya jamu lazima iweze kushindwa. Septemba 1978 Grateful Dead walisafiri hadi Misri na kupiga usiku tatu chini ya piramidi za Giza, pamoja na Hamza El Din, Mnubi mpiga udi na tari, na kundi la waimbaji wa kwao. Usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Hamza na wenzake walianza kwa wimbo wa Kinubi wa makofi na sauti, kisha Wamarekani wakaingia mmoja mmoja, polepole, wakiyafuata makofi hayo, na Wanubi wakatoka vilevile hadi ikabaki bendi peke yake. Ni kipande ambacho humchezea kila anayeniuliza kusikilizana ni nini. Lakini Kreutzmann alikuwa ameumia mkono na akapiga kwa mmoja, piano ilikataa kukaa kwenye sauti, na bendi haikuridhika na kazi yake. Walikuwa wamekusudia kuigeuza safari ile kuwa albamu. Rekodi ziliachwa kabatini hadi mwaka 2008. Mahali pazuri kuliko yote duniani, mwezi umepatwa, na bado usiku unaweza kukataa. Bendi ambayo haipatwi na siku mbaya kwa kawaida imeshajua mapema itapiga nini.

Waliofuata walilijua hilo na wakalifanyia mazoezi. Phish walianza mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Vermont, mjini Burlington, na kwa miaka mingi watu wenye haraka waliwaita warithi wa Grateful Dead, jambo ambalo mtu yeyote aliyesikiliza zile tungo za mpiga gitaa wao Trey Anastasio zenye hesabu ngumu, zilizoandikwa noti kwa noti, atalishangaa. Walichorithi ni ile kazi ya kusikiliza. Katika miaka ya 1990 walikuwa na zoezi ambalo linanipendeza kwa usahili wake: mmoja anaanzisha kipande kidogo cha kurudiarudia, wengine watatu wanatafuta cha kuweka kando yake, na kila mmoja anapohisi kwamba vipande vyote vinne vimekaa anatamka "hey", wote wakishatamka, mwingine anabadilisha, na kazi inaanza upya. Wanaodhani kujamu ni kupiga ovyo bila maandalizi wangefaa kulijaribu hilo kwa nusu saa. Usiku wa kuingia mwaka 2000, katika ardhi ya Waseminole, wenyeji wa asili, huko Big Cypress, Florida, walipiga bila mapumziko tangu saa sita ya usiku hadi jua lilipochomoza. Sikuwapo, na nawaonea wivu waliokuwapo.

Mipaka, basi, iko wapi? Aina ya muziki haiweki mpaka wowote, kwa kuwa String Cheese Incident walitoka kwenye bluugrasi na Medeski Martin & Wood ni watatu wa jazi, hawana hata gitaa, na wote wamekaribishwa. Dave Matthews Band, ambayo kiongozi wake alizaliwa Johannesburg, ina mashabiki wanaorekodi na nyimbo zinazorefuka, lakini mara nyingi kurefuka kwake huja mahali palepale na kwa namna ileile. Ningeiweka kizingitini, mguu mmoja ndani. Wanaonitatiza siku hizi ni King Gizzard & the Lizard Wizard wa Melbourne. Walianza mwaka 2010 bila dalili yoyote ya udugu na ukoo huu, leo metali kesho kitu kingine, kisha orodha zao zikaanza kubadilika kila usiku, nyimbo zikaanza kutoka nje ya nyumba, na wakawaruhusu mashabiki kuzichapisha rekodi za maonyesho kwenye santuri zao wenyewe. Hawakuomba jina. Umma wa kulinganisha ndio uliowafuata, na mimi nadhani uliwafuata kwa haki.

Kiangazi cha mwaka 2017 Phish walipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, bila kurudia wimbo hata mmoja, na kila usiku ulipewa jina la donati ya aina fulani, ambayo waliowahi mlangoni waligawiwa bure. Niliupata usiku wa nne, wa tarehe 25 Julai. Donati ya siku hiyo ilikuwa yenye jamu ndani. Ukumbi mzima ulikwisha kuelewa utani kabla ya taa kuzimwa, lakini hakuna aliyejua wangeutumia katika wimbo gani, na walichagua "Lawn Boy", wimbo mfupi wa kubembeleza ambao mpiga kinanda Page McConnell huuimba akitembea na maikrofoni kama mwimbaji wa hotelini, dakika chache, watu wanatabasamu, umekwisha. Safari hii alimaliza kuimba na besi haikunyamaza. Alirudi taratibu kwenye vinanda vyake. Ulidumu karibu nusu saa, na mahali fulani katikati, wakati gitaa na kinanda vilipokuwa vikijibizana na sikuweza tena kusema ni nani aliyeanza, nilimwona jirani yangu, mzee wa makamo asiyenijua, akiandika kitu kwenye kijitabu: mshale, akaufuta, akaweka alama ya kuuliza.

Usiku ule nilimpigia simu mwenzangu wa Ohio, ambaye sasa ana watoto wawili na masanduku yaleyale darini. Sikumwambia jina la wimbo. Nilimtajia tarehe, naye akaniambia ningoje, anatafuta kalamu.